Jicho lianzie wapi: kulenga na kupanga picha

Vijana wanaokuja studio kwangu hapa Walukuba, Jinja, wakiwa na kamera au simu mpya, karibu wote huanza na ombi moja: "Anti, nifundishe namna ya kufanya nyuma kupotee." Wanautaka ule ukungu laini nyuma ya uso, unaofanya picha ionekane ya bei ghali. Nitawafundisha, si kazi ngumu. Ila kwanza huwauliza: picha ni ya nani? Nataka jibu la maneno mawili matatu. Ya bibi harusi. Ya mikono ya mvuvi. Ya foleni ya maji. Asiye na jibu simwonyeshi kitufe hata kimoja, maana kamera haitamjibia.

Jicho la binadamu halioni picha nzima kwa mara moja. Sehemu yake inayoona kwa ukali kamili ni ndogo mno, kama nyuzi 2 tu. Nyoosha mkono, tazama kidole gumba chako. Upana wake ndio huo. Kwingine kote tunaona kwa kukadiria, na jicho linarukaruka huku na huko likitafuta. Mwanasaikolojia wa Urusi, Alfred Yarbus, aliifuatilia miruko hiyo kwa vifaa, na utafiti wake ukatoka kwa Kiingereza mwaka 1967. Aliwaonyesha watu mchoro uleule mmoja wa mgeni anayeingia chumbani penye familia. Akiwaacha waangalie tu, macho yaliwaandama watu na nyuso zao. Akiwauliza kama familia ile ina mali, yalikwenda kwenye samani na nguo. Akiwauliza umri wa waliomo, yalirudi usoni. Sasa fikiria albamu ya harusi: mama anamtafuta binti yake, shangazi anajitafuta mwenyewe, jirani anakagua mapambo. Maswali yao huwezi kuyazuia. Lililo mikononi mwako ni kuamua jicho lianzie wapi, na likishazunguka lirudi wapi.

Vinavyoliita jicho vinajulikana. Uso ni wa kwanza, na ndani ya uso, macho. Kisha maandishi. Anayejua kusoma hawezi kujizuia kusoma, ndiyo maana ukimpiga mama muuza ndizi mbele ya duka lililopakwa rangi na jina la kampuni ya simu, umeitangazia kampuni bure. Kisha panapong'aa katikati ya giza, rangi kali iliyo peke yake, kitu kikali kilichozungukwa na ukungu, na kitu ambacho hakikutarajiwa pale kilipo. Kulenga, yaani kuiambia lenzi kipi kiwe kikali, ni silaha moja tu kati ya hizo. Lenga uso vizuri kabisa, lakini kama nyuma yake kuna shati jekundu limeanikwa juani, shati litashinda. Ukungu hufuta umbo, haufuti rangi wala mwanga.

Kulenga

Ukiiacha kamera ijichagulie, mara nyingi itachukua kilicho karibu zaidi, au uso wowote itakaoukuta. Kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa binti, uso wowote huweza kuwa wa mtoto anayekula keki nyuma ya wakwe. Kwa hiyo chagua nukta moja ya kulengea, na uiweke kwenye jicho la mtu, lile lililo karibu nawe. Jicho likiwa kali na sikio likawa na ukungu, hakuna atakayelalamika. Sikio likiwa kali na jicho likawa na ukungu, kila mtu ataona kuna kitu hakiko sawa, hata asiyewahi kushika kamera.

Ukali wa picha umesimama wima mbele yako kama bati, sambamba na kamera. Kilichogusa bati ni kikali, kilicho mbele na nyuma yake kinaanza kuyeyuka. Unene wa bati hilo unaupanga wewe kwa mambo matatu: tundu la lenzi, umbali wako na unayempiga, na urefu wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake. Chukua lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), simama mita 2 kutoka kwa mtu, fungua tundu hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Sehemu iliyo kali itakuwa kama sentimita 17. Sogea hadi mita 1, inabaki kama sentimita 4, yaani jicho na nusu ya pua. Rudi mita 2 na ufunge hadi f/8, unapata kama sentimita 80. Kamera nyingi za wanaoanza zina sensa ndogo zaidi, na kwa lenzi ileile na umbali uleule unene hupungua kidogo. Jaribu kwa chupa tatu mezani kabla ya kujaribu kwa mkwe wa mtu.

Hapa ndipo picha inapoweza kusema uongo bila wewe kutaka. Bwana na bibi harusi wamekaa, bwana ameinamia mbele kidogo. Kwa f/1.8 bwana anakuwa mkali na bibi anakuwa moshi. Mtazamaji hajui habari za tundu la lenzi, anajua tu kwamba mmoja ana uzito na mwingine hana. Kama ndivyo ulivyokusudia, sawa. Kama sivyo, ama funga tundu hadi f/4 au zaidi, ama hama wewe usimame mahali ambapo macho ya wote wawili yako umbali mmoja na kamera. Mimi huhama kwanza. Kuhama hakupunguzi mwanga.

Kundi la watu wa mistari mitatu: f/8, na lenga mstari wa mbele au uupite kidogo tu, usilenge wa nyuma. Kwa umbali wa namna hiyo ukali huenea zaidi kwenda nyuma kuliko kuja mbele, kwa hiyo wa nyuma watapona na wa mbele hawatakuwa na ukungu.

Kwa simu mambo ni tofauti. Sensa yake ni ndogo sana, hivyo karibu kila kitu kinatoka kikali chenyewe. Ule ukungu wa picha za uso ni hesabu ya programu, inayokata mtu kwa makadirio na kupaka ukungu kwingine. Mara kwa mara inakosea kwenye nywele, kwenye miwani, na kwetu hapa kwenye mabega yaliyosimama ya gomesi, lile vazi la sherehe la kina mama: nimeona bega moja kali na jingine limemezwa na ukuta. Ukitaka ukungu wa kweli kwa simu, mtoe mtu mbali na ukuta hatua nyingi, tumia lenzi ya kuvuta kama simu inayo, umsogelee. Kisha bonyeza uso wake kwenye kioo na ushikilie kidole hadi fokasi ifungwe, ndipo uteleze kidole juu au chini kurekebisha mwanga. Watu wengi huishia kubonyeza tu, halafu mtu akipita mbele, simu inamfuata mpita njia.

Nyuma isipotee

Sasa niseme ninachoamini, na wenzangu wengi hatukubaliani. Ukungu umezidi. Albamu nzima imepigwa kwa f/1.4, ukiifungua huwezi kujua sherehe ilikuwa Iganga au Dubai. Mteja amelipia mahema, amekodi viti, ukoo umetoka Kamuli na Busia, na wewe umewageuza wote kuwa vidoa vya rangi.

Chukua wakati ssenga, shangazi wa bibi harusi, anapopita katikati ya wageni kumtafuta bwana harusi. Picha ni ya nani? Ya ssenga na yule kijana anayejifanya haonekani. Lakini raha yake iko kwa watu mia walioketi wakitazama: wanaocheka, wanaosimama nusu, mzee anayenyoosha shingo. Hapo mimi hufunga hadi f/5.6, namlenga ssenga usoni, na wengine naacha walegee kidogo tu, wasomeke bila kuvutana naye. Kinachompeleka mtazamaji kwa ssenga si ukungu, ni macho ya wale watu mia. Tukiona watu wanatazama mahali, nasi tunatazama hapo. Hakuna mshale wenye nguvu kuliko huo, na haugharimu lenzi mpya. Inabidi tu kusubiri dakika watu wanapotazama kweli, si wanapoambiwa na mshereheshaji watazame kamera.

Kwa hiyo pia, mtu anayetazama upande mmoja mpe nafasi upande huo. Ukimbana pua kwenye ukingo, jicho la mtazamaji linamfuata, linagonga ukingo na kutoka nje ya picha.

Mwanga unaiba

Nenda Masese hapa Jinja, kwenye mwalo wa wavuvi, asubuhi jua likishapanda. Kina mama wanaanika mukene, yaani dagaa wa ziwani, juu ya nyavu, na mukene unang'aa kama fedha. Unampiga mama aliyeinama juu yake. Kamera inapima mwangaza wa jumla na kujaribu kuuleta kwenye wastani; kwa kuwa samaki wanang'aa, inatia picha giza, na uso wa mama, ambao ni mweusi na una kivuli, unazama. Jicho la mtazamaji linakwenda kwa samaki na kubaki huko. Kulenga kulikuwa sahihi. Mwanga ndio umekataa.

Dawa ziko tatu. Pima mwanga usoni, si kwenye samaki, hata kama samaki wataungua kidogo. Au zunguka uingie upande ambao jua linaupiga uso wake, umsubiri ainue kichwa. Au mpige akiwa na kitu cheusi nyuma, mlango wa kibanda ama ubavu wa mtumbwi ulio kivulini, ili uso uwe ndio penye mwanga kuliko vyote vilivyo karibu nao. Ya tatu ndiyo naipenda. Ngozi yetu nyeusi ikiwekwa mbele ya kitu cheusi zaidi chenye kivuli, na mwanga ukatoka ubavuni, inang'aa yenyewe. Ikiwekwa mbele ya ukuta mweupe juani, inageuka kivuli chenye meno.

Kanzu ni ugomvi uleule. Wanaume kumi na kanzu nyeupe wamejipanga, kamera inaona weupe mwingi, inatia giza, na unapata kanzu kumi zisizo na wenyewe. Ongeza mwanga kwa kipimo cha fidia, kile chenye alama ya +/-, anza na +0.7, tazama nyuso. Uwapeleke kivulini kabla ya hapo, kama wazee watakubali kusimama. Wakishakaa hawasimami.

Mahema nayo. Hema jekundu linapaka watu wote wekundu, la kijani linawafanya waonekane wagonjwa, na hakuna programu inayorekebisha vizuri mtu ambaye nusu ya uso ni nyekundu na nusu nyeupe. Mwenye sherehe akiniuliza mapema, namwambia meza ya maharusi iwekwe chini ya hema jeupe, karibu na ukingo, mwanga uingie kwa ubavu. Akishanunua mapambo ndipo ananiuliza, basi nawatoa nje dakika kumi wakati jua linashuka. Dakika ni chache kweli: tuko karibu kabisa na ikweta, jua linashuka wima, halitelezi polepole kama kule kaskazini. Mwanga laini wa jioni unakuja na kuondoka huku watu bado wanatafuta viatu. Panga watu kabla, si wakati wenyewe.

Saa sita mchana jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo. Kwa vile jicho ndilo mtazamaji analolitafuta, picha ya uso ya saa hiyo huwa imekosa cha kwanza. Nenda chini ya mwembe, lakini angalia madoa ya jua yanayopenya majani; doa moja kwenye paji la uso linatosha kuharibu.

Kingo kwanza

Kupanga picha kwangu huanza pembezoni. Kabla ya kubonyeza, nazungusha jicho kwenye kingo nne: kuna nini kimekatwa nusu, kuna nini kinachungulia? Mguu wa kiti cha plastiki. Chupa ya maji yenye lebo ya buluu mbele ya bibi harusi. Kalooli, yule ndege mkubwa mwenye upara, amesimama kwenye paa kama afisa wa serikali. Kalooli ukimtaka, mweke ndani, awe sehemu ya habari. Usimwache nusu kichwa kwenye kona, maana mtazamaji atakwenda kumtafuta. Chupa omba ziondolewe, na uombe kwa adabu kwa anayehudumia meza, usizishike mwenyewe mbele ya wakwe.

Mengi yanatibika kwa kupiga hatua mbili kushoto au kupiga goti. Ukishuka, nyuma inakuwa mbingu au majani. Ukipanda juu ya kiti, nyuma inakuwa ardhi. Nguzo ya umeme inayoota kichwani mwa mtu inaondoka kwa hatua moja.

Kanuni ya theluthi kila mtu ameisikia: gawa picha mara tatu kwa wima na mara tatu kwa ulalo, weka kitu chako panapokutana mistari. Jina hilo lilitolewa na mchoraji wa Uingereza, John Thomas Smith, mwaka 1797, akizungumzia michoro ya mandhari ya mashambani. Ni ushauri mzuri wa kuanzia, kwa sababu unakulazimisha kufikiri nafasi tupu iwe upande gani. Zaidi ya hapo usiiabudu. Nenda Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, kwenye ile duara nyeupe iliyosimamishwa kuonyesha ikweta, umweke mtu theluthi ya kushoto: picha inayumba. Duara linataka mtu katikati, limekwisha kukupangia. Kila penye fremu ndani ya fremu, mlango, dirisha la teksi, upinde wa maua, isikilize fremu ile kwanza.

Mistari nayo huburuta jicho, ila uangalie inakolipeleka. Daraja jipya la Jinja, lililofunguliwa mwaka 2018, lina urefu wa mita 525, na nyaya zake zote zinapanda kwenda kwenye minara miwili. Ukimpiga mtu akiwa na daraja nyuma yake, zile nyaya zinamwinua mtazamaji hadi kileleni na kumwacha mtu wako chini peke yake. Msogeze hadi kichwa chake kikae mahali nyaya zinapoelekea, au chagua moja: picha ya mtu, au picha ya daraja. Na uliza kabla ya kutoa kamera. Mimi nililelewa katika kambi ya polisi Nsambya, na penye daraja au bwawa mlinzi akisema hapana, hapana hiyo haina mjadala. Mitumbwi ya Masese iliyovutwa ufukweni, pua zote zikielekea upande mmoja, inafanya kazi ileile bila kusumbua mlinzi yeyote.

Kimo kinasema nani ni mkubwa. Kuna ile picha ya Julai 1975, wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kule Kampala, Idi Amin amebebwa juu kwenye kiti na wafanyabiashara Waingereza. Hata asiyejua historia anajua aangalie wapi: mmoja yuko juu, wengine wako chini yake wamebeba. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha nyingi za miaka ile kutoka hifadhi ya shirika la utangazaji la taifa, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Wale watu waliijua kazi. Walijua kumweka mkubwa penye mwanga na kuwafanya wengine wamtazame. Ukiziona picha za namna hiyo, zitumie kama darasa: angalia kwanza unakopelekwa, kisha kataa, pita kwenye kingo na mstari wa nyuma. Utajifunza upangaji kuliko kwa kanuni yoyote, na utajua pia kwamba kumwelekeza mtu aone hapa ni kumzuia asione pale.

Kwa watoto, piga goti hadi lenzi iwe usawa wa macho yao. Hapo sina maelezo zaidi.

Kabla hujapeleka kuchapa

Kumbuka kipimo cha karatasi. Kamera nyingi hutoa picha ya uwiano wa 2 kwa 3, na fremu nyingi zinazouzwa mjini ni inchi 8 kwa 10. Picha yako ikikuzwa hadi inchi 8 upande mfupi, upande mrefu unakuwa 12, hivyo inchi 2 zitakatwa. Ukibana watu hadi ukingoni, wa mwisho kwenye mstari ndio watakaopotea. Acha nafasi pande zote mbili.

Halafu fanya jaribio hili, linachukua dakika moja. Mwonyeshe picha mtu ambaye hakuwepo, mwanafunzi, muuza chapati, yeyote, kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Ifunike. Muulize ameona nini kwanza, na cha pili kilikuwa nini. Usimsaidie kwa kumuuliza "umemwona bibi harusi?" kwani utakuwa umempa swali, na macho yake yatalifuata. Akikutajia yule uliyemtaja wewe kabla ya kubonyeza, ipeleke ikachapwe. Akitaja chupa ya maji, usibishane naye. Ikate chupa au ipunguzie mwanga, kisha mtafute mtu mwingine ambaye hajaiona picha, kwa sababu huyu wa kwanza sasa atakuwa anaitafuta chupa.